Kibali Kinakwisha Ijumaa

Alhamisi, 10 Aprili 1975
Silabi za "ma" asubuhi, kama kawaida. Leo siku ya kujitegemea, shule nzima ilitakiwa kwenda na majembe shambani, bonde la Jangwani. Mvua tangu alfajiri, bonde lote maji. Wakubwa wameenda hivyo hivyo. Darasa langu la kwanza sikulipeleka. Watoto wadogo vile kwenye matope yale? Thubutu! Tumebaki tunasoma, na wamesoma vizuri. Katibu wa tawi la chama kapita na wageni, kachungulia dirishani, katabasamu. Nami nikatabasamu. Nadhani kafurahi.

Jumatatu, 14 Aprili
Ofisi ya elimu tena. Cheti changu cha ualimu bado hakijatoka. Wote tuliomaliza chuo pamoja tunasubiri, tunafundisha kwa kibali cha muda. Changu kinakwisha Ijumaa. Karani hata macho hakuinua. Kasema nikitaka kuongezewa, katibu wa tawi aandike kwamba nina mwenendo mwema. Basi! Dogo hilo. Nimerudi Kariakoo kwa miguu, naimba.

Jumatano, 16 Aprili
Katibu amekataa.
Nimemwamkia, kaitikia vizuri, kanipa kiti. Halafu: "Siku ya jembe ulikuwa wapi, ndugu mwalimu?" Nikamweleza mvua, nikamweleza matope. "Wenzio hawakulowa?" Mwalimu asiyelima, eti anawafundisha watoto kudharau jembe. Mimi! Mimi niliyezaliwa Machame, niliyepalilia kahawa tangu sijaota meno ya ukubwani! Nimelia mbele yake. Najichukia kwa kulia.

Alhamisi, 17 Aprili
Mwalimu mkuu kaenda kuniombea. Mzee wa watu, kasimama pale kofia mkononi. Bure. Njiani kaniambia mwenye nguvu mpishe. Nimpishe wapi? Kibali ni chake, kalamu yake, tawi lake.

Ijumaa, 18 Aprili
Yamenifika. Nimekabidhi chaki na kitabu cha mahudhurio. Watoto sikuwaaga, mwalimu mkuu aliogopa watalia. Wameunganishwa na darasa jingine, wengine wamekaa sakafuni, ubao hawauoni. Na kila mkutano tunaambiwa nchi haina walimu wa kutosha. Loh!
Nina hasira.

Jumanne, 22 Aprili
Sikutoka. Dada kanipikia mtori, ndizi na nyama za kwetu, umepoa kwenye sahani. Anasema cheti kitakuja tu. Kije kifanye nini? Hata kikija, watamuuliza yule yule.

Jumamosi, 26 Aprili
Nimekaa kwenye meza ya dada sokoni, nauza maharage na vitunguu. Bora kuliko kutazama ukuta.
Zena wa darasa langu kaja na mama yake. Mama kafurahi kuniona, kamwambia mwanawe, "Msalimie mwalimu." Mtoto kanitazama, kamtazama mama. "Katibu alikuja darasani. Kasema tusimwite tena mwalimu."
Mama wa watu kaona haya, hajui aweke wapi uso. Nikamwambia si neno, mtoto hajakosea. Nikapima maharage, nikaongeza konzi moja juu. Zena bado kasimama, anafikiri. Mwisho kasema polepole, "Shikamoo, dada."
Marahaba, nikaitika. Nikawafungia mzigo wao.