Upande wa Kushoto wa Ukumbi

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za shule. Mimi sijambo, ila shingo inalalamika kwa kuinamia kompyuta kutwa nzima.

Habari kubwa ni ya mwanao. Chiriku ameanza kazi Jumatatu. Ukumbi wao uko chini, mimi niko ghorofa ya tatu. Una viti tisini, arobaini na tano kila upande, na njia katikati. Wanajibu malalamiko ya wateja kwa kuandika: mashine ya kufulia imegoma, friji limefika na mlango umebonyea. Siku ya kwanza tu alicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Mteja alikuwa ameandika kwamba feni yake inamtukana. Unamjua mwanao, hilo litamtosha wiki nzima.

Na mimi nimepewa kazi mpya, usiicheke. Natunga programu inayorusha maneno kwenye skrini za wafanyakazi kwa kasi ambayo jicho halidaki. Neno linakuja na kuondoka, mtu anaendelea na shughuli zake na hajui kama ameona kitu. "Tulia." "Unaweza." Meneja anasema ni kama kumpigapiga mtu bega. Bado ni majaribio, kwa hiyo liwe letu wawili. Ndiyo maana nimeshika kalamu, maana simu zetu za kazini zinasomwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako

*

15 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Goti ni lilelile, tumeshazoeana. Wewe hiyo shingo ikande na maji ya moto, usingoje mpaka ukakamae kama mlingoti.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya feni. Mara ya pili sikucheka.

Nikwambie jambo la darasani kwangu. Nina watoto hamsini na sita wa darasa la kwanza. Kuwazoeza kusoma, nawaonyesha kadi yenye neno moja na kuigeuza haraka. Kuna mmoja, mdogo kuliko wote, kila mara analalamika: "Mwalimu, umeficha upesi, sijaona kitu." Juzi nikamwambia basi, chora chochote unachotaka. Akachora kikombe. Kadi ilikuwa imeandikwa "kikombe". Nikarudia na kadi nyingine. Hajaona kitu. Akachora mguu. Nilikuwa nimeshika "mguu".

Sasa wewe unaniambia jicho halidaki. Jicho labda. Na huyo mtu anayepigwapigwa bega, ameulizwa kama anataka?

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Niahidi jambo moja tu: mwanangu asiwe mmoja wao.

Dada yako

*

2 Machi

Dada mpendwa,

Ni matumaini yangu hamjambo. Huku tunaendelea vizuri, na shingo imesikia dawa yako.

Umenifanya nitafute maandishi ya wataalamu, nimesoma mpaka macho yamewaka. Wengi wanasema neno la namna hiyo halina nguvu. Haliwezi kumfanya mtu afanye asichotaka. Mwenye kiu kidogo labda atakumbuka maji, basi, na baada ya muda mfupi limeshapotea. Mtoto wako wa kikombe alikaa ametulia, anamtazama mwalimu anayempenda. Mtu wa ofisini ana mambo mia kichwani.

Meneja amebadilisha maneno. Yale ya kwanza aliyaona laini. Sasa ni "Kaa", "Bado", "Maliza". Ni maneno ya kawaida, hata wewe unawaambia wanafunzi wako.

Chiriku yuko salama. Namuona kila siku nikipita mlangoni, amejipinda kwenye kazi yake. Msimamizi anamsifu.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi tuko, ingawa roho yangu haijatulia.

Chiriku alikuja likizo ya siku nne. Nilimpokea mlangoni nikidhani nimeletewa mtu mwingine. Amekonda, midomo imekauka, imepasuka. Nikamwekea chai, ikapoa mbele yake. Nikamwekea maji, akayatazama.

"Kunywa basi."

"Nikinywa nitataka kwenda chooni, Mama."

"Si uende? Choo si hicho hapo?"

Akaniangalia kama nimemwambia avuke mto mkubwa. "Baadaye," akasema. "Kwanza nimalize."

"Umalize nini? Uko nyumbani!"

Meza ilikuwa tupu mbele yake. Alikaa kwenye kile kiti tangu saa tatu asubuhi mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Shangazi yake alipita, akamtania kwamba amepata mume ofisini ndiyo maana kanyamaza. Yule Chiriku wetu angemrudishia kumi. Alitabasamu tu, tena kwa kuchelewa, kama anayengoja kutafsiriwa.

Siku ya kuondoka nilimshika mkono kumwinua. Alisimama, lakini mwili wake ulikuwa mzito kama wa mtoto anayegoma. Akaniomba radhi. "Sijui kwa nini, Mama. Najua naweza kuinuka. Nashindwa tu kuanza."

Mdogo wangu, katika barua ya Februari nilikuomba ahadi. Katika ile ya Machi sikuiona. Nimeigeuza mbele na nyuma.

Dada yako

*

28 Aprili

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Najua u mzima, nilikuona.

Nilipanda basi siku ileile waliponipigia kwamba ameanguka kazini. Nilimkuta ametundikiwa dripu, anatetemeka kwa homa mpaka kitanda kinalia. Daktari anasema ni maambukizi, yamepanda mpaka kwenye figo zote mbili. Aliniuliza, tena kwa ukali, kama huko anakofanya kazi hawaruhusiwi kwenda chooni. Nikamwambia wanaruhusiwa, mlango uko wazi. Akasema, "Basi huyu alikuwa anajizuia kutwa nzima, na maji hanywi. Kwa miezi." Kisha akaniambia ni wa tatu kutoka jengo hilohilo tangu mwezi uanze.

Ulikuja siku ya pili. Ulisimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Chiriku alifumbua macho akakuita, "Mjomba." Ukaweka machungwa chini, kwenye sakafu, ukaondoka. Nilikufuata mpaka kwenye korido, ukawa unakimbia. Mtu mzima na shati lake la kazi anakimbia hospitalini.

Homa imeshuka. Nimemrudisha nyumbani. Figo moja daktari haipi matumaini makubwa.

Nakuuliza kama dada yako, niliyekubeba mgongoni. Alikuwa mmoja wao?

Dada yako

*

11 Mei

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikaichana. Nitaandika tu ilivyokuwa.

Ndiyo. Walikuwa wote wa upande wa kushoto. Arobaini na tano wa kushoto walipata maneno, wa kulia hawakupata. Programu ilihesabu mara ngapi kila mtu anaiacha kompyuta yake: kwenda chooni, kunywa maji, kunyoosha miguu. Wiki ya kwanza pande zote zilikuwa sawa. Kufika wiki ya sita, wa kulia walikuwa wanainuka mara tano kwa siku na wa kushoto mara mbili. Wengine mara moja. Chiriku kuna siku hakuinuka kabisa. Niliiona hiyo sifuri, Dada. Niliiona nikiwa nakunywa chai.

Barua yako ya kadi ilinifikia siku mbili kabla hatujaanza. Kumhamisha ilikuwa ni kumwambia msimamizi sentensi moja. Nilishuka ngazi, nikafika mpaka mlangoni. Lakini orodha ilikuwa imeshapitishwa, na nilitaka hesabu yangu iwe safi. Nilijiambia neno halimdhuru mtu. Baadaye, tofauti ilipojitokeza, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Nilimpelekea meneja mchoro wenye mistari miwili, wa kushoto ukishuka, akanipa mkono.

Sitaki kujitetea, ila ukweli wote ni huu: sijui kama ni maneno. Msimamizi wa kushoto ni mkali, anakohoa mtu akisimama. Wateja wameongezeka. Labda ni yeye, labda ni hofu ya kibarua kuota nyasi, labda neno linaangukia pale ambapo hofu imeshalima. Wataalamu niliowasoma walimweka mtu mbele ya skrini kwa muda mfupi wakamwacha aende zake. Sijaona aliyemweka karibu miezi mitatu.

Nimeyazima juzi, tarehe 9, bila kumuuliza mtu.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini niandikie.

Mdogo wako

*

20 Mei

Mdogo wangu,

Chiriku anaendelea kumeza dawa. Homa hana.

Msamaha wako usiniombe mimi. Mimi nilijua tangu Februari na sikupanda basi. Nilikungoja uahidi. Hilo nitalibeba mwenyewe.

Lakini wako arobaini na wanne wengine, na wana mama zao. Kuzima kimyakimya ni kuficha kadi tu. Nenda ukasimame katikati ya ule ukumbi, mchana, wote wakiwepo, uwaambie ulichowafanyia. Uwaambie wanywe maji. Uwaambie waende kwa daktari. Ukishafanya hivyo, niandikie. Kabla ya hapo usiniandikie.

Dada yako

*

12 Juni

Dada,

Natumaini mnaendelea vyema. Nimekwenda. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi.

Nilisimama kwenye njia ya katikati. Sauti ilinitoka kama ya mvulana. Niliwaeleza yote. Programu, maneno yenyewe, upande gani, tangu lini. Nikawaambia kuhusu mpwa wangu na figo yake. Wa kulia waliacha kuandika. Wengine walisimama, mmoja akaanza kupiga kelele kwamba nikamatwe. Nilishukuru, Dada. Nilitaka nikamatwe.

Wa kushoto walinisikiliza. Walinigeuzia nyuso, wakanisikiliza vizuri kabisa mpaka mwisho. Nikawaambia, "Nimeshayazima. Mwezi mzima hakuna kitu kwenye hizo skrini. Inukeni mkanywe maji." Kiti cha tatu yupo mama mjamzito, tumbo limeshafika mezani. Nikamwendea. "Mama, inuka. Tafadhali." Akashika ukingo wa meza, akajinyanyua kidogo, akatazama kulia na kushoto kwake. Hakuna mwenzake aliyekuwa amesogea. Akakaa. Akaniambia kwa upole, kama anayemwonea huruma mgeni, "Tumekusikia, kaka. Acha nimalizane na huyu mteja kwanza."

Wakageukia skrini zao. Wote arobaini na wanne, na kiti cha Chiriku kitupu katikati yao.

Meneja alikuwa ameegemea mlango muda wote. Hakunikatiza. Nilipomfikia nilidhani atanipiga. "Niliona ulivyozima tarehe 9," akasema. "Sikuwasha tena. Nilitaka kuona." Kisha akanyoosha kidevu kuelekea ule upande. "Kuna haja gani?"

Nimefukuzwa, hilo si kitu. Nimepeleka maelezo polisi na kwa wakaguzi wa kazi, kwa maandishi, jina langu likiwa la kwanza kwenye orodha ya wakosaji. Karani alinisikiliza akauliza nina ushahidi gani wa maneno ambayo hakuna aliyeyaona. Nikamwonyesha programu. Akauliza kama inawaka sasa. Nikasema hapana.

"Sasa kinachowazuia kuinuka ni nini?"

Nilisaini maelezo yangu, nikatoka.

Mdogo wako

*

21 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Umefanya nilichokuomba, na nimelia, nikwambie wazi. Wewe ni ndugu yangu.

Nilimsomea Chiriku. Nilidhani itamsaidia kujua kwamba hakuwa mvivu wala mwehu, kwamba alifanyiwa kitu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza:

"Mjomba anasema alizima lini?"

"Tarehe 9 Mei."

Akafikiri. "Maneno yalikuwa yapi?"

Nikamtajia yote matatu. Akasema hajawahi kuona hata moja. Hakuona kitu chochote kwenye ile skrini isipokuwa malalamiko ya watu. "Niliyasikia tu, Mama. Kwa sauti yangu mwenyewe. Nilidhani nawaza." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nikaona yule mtoto wangu, yuko ndani kabisa, ameogopa.

"Mwambie Mjomba hajazima," akasema.

Daktari wa hapa anasema apewe muda. Muda gani, hajui. Nampa maji kwa kijiko kila nusu saa, namwinua mimi mwenyewe na goti langu hili, nampeleka, namrudisha. Shule nimeomba ruhusa.

Najua hukuniomba uje, na mimi sikukuita. Sasa nakuita. Wewe ndiye uliyeziweka sauti hizo, labda yako ataisikia. Panda basi la asubuhi. Usiandike kwanza, usilete machungwa, njoo tu. Tangu alfajiri amekaa kwenye kiti cha jikoni, na nikimuuliza anangoja nini, anasema bado.

Dada yako