Kiti cha Baraza la Ardhi

Al Rayyan, Doha
16 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Mbusa,

Leo umetimia mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke nyumbani. Kifua chako kimepona? Na magoti ya shemeji yangu Kavugho, je? Mimi ni mzima, ila sukari inapanda na kushuka. Binti yangu Katungu anauguza wodi nzima, lakini anasema mgonjwa wake mkaidi kuliko wote ni baba yake.

Huku baridi imeanza, yaani hiyo wanayoiita baridi. Asubuhi navaa sweta na kutoka, kana kwamba nitakuta ukungu. Natamani ukungu wa kwetu, na harufu ya kahawa ikichanua baada ya mvua. Vijana wa Kenya hapa jengoni huniita mzee. Wa kuniita yaya, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu, umebaki wewe tu, tena kwa simu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nyingi. "Yaya, njoo bwana! Au kiyoyozi kimekulainisha, unaogopa tope?" Nilicheka. Unasema waasi wa mlimani wamefungua baraza la ardhi la kuamua kesi za mashamba, wananitaka niwe mwenyekiti, na nikikubali shamba la baba litarudi kwetu pamoja na kaburi lake. Mbusa, sina ninachokitaka zaidi ya kuzikwa kando ya kaburi lile.

Nakujibu kwa barua kwa sababu simu yako hukaguliwa vizuizini. Ukishaisoma, ichome.

Walipokuwa peke yao, watu hao wa mlimani walichukua mbuzi wetu bila hata kupiga hodi. Kisha likaja kundi la ng'ambo ya mto, likafuta ushuru wa soko ili lipendwe. Hapo ndipo wa mlimani walipokumbuka kutengeneza daraja. Wale wakaleta dawa, hawa wakaleta baraza. Nimesoma habari za vita vya nchi nyingi, na mara nyingi huwa hivyo: makundi mawili yakigombea watu, watu hupumua kidogo. Moja likishinda, ushuru hurudi.

Na kabla ya ushindi huo, kila kundi huchana hukumu za mwenzake. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba mzee Paluku, mwenyekiti wa kwanza, alichukuliwa na watu wa ng'ambo, na hajaonekana tena. Ndiyo maana kiti kiko wazi. Nikikikalia, watakuja kwangu, na wakitoka kwangu watakuja kwako, kwa Kavugho, kwa watoto.

Waambie ni mimi niliyekataa. Nawe usikae badala yangu, hata wakikubembeleza kwa shamba lote. Wakikuruhusu, palilia kaburi. Wasipokuruhusu, msalimie baba ukipita barabarani.

Nisalimie Kavugho, watoto, na dada yetu Masika. Mungu awafunike, mlale na kuamka salama. Jana Katungu aliniuliza kama aanze kutafuta tiketi. Nimemwambia aache. Sitarudi.

Kaka yako akupendaye,
Kasereka