Majani Makavu, Ghorofa ya Tisa

Ladywood, Birmingham
Jumapili, 10 Septemba 2006
Hii siipeleki posta.

Bibi yangu,

Shikamoo. Baba amekufa. Nimeliandika na kalamu haikuvunjika.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 29 Agosti, kazini kwake kwenye ghala la mikate. Kaanguka na kreti mikononi. Moyo, wamesema. Ijumaa wanaume wakenda kumzika, mimi nikabaki na Mama na mdogo wangu Suhaib. Mama yumo edani sasa, miezi minne na siku kumi, ndani ya fleti hii hii.

Ami Haroun kapiga simu kutoka Wete, kasema wewe usiambiwe kwa ajili ya presha iliyokulaza spitali mwezi wa Juni. "Mama akisikia leo, tutazika wawili." Mama yangu hawezi kusema nawe kwenye simu bila kulia. Mimi simu naiogopa hata akipiga rafiki yangu. Basi wakakubaliana wakubwa: Asmahan ataandika, Asmahan ana mwandiko mzuri.

Sijui kusema uwongo, Bibi, uso unaniwaka hata mbele ya karatasi. Nitatafuta jambo la kweli, niliandike liwe refu, hili moja likose nafasi.

Asmahan


Ladywood, Birmingham
10 Septemba 2006

Kwa Bibi yangu wa Wete,

Asalaam aleikum, na shikamoo mbili, moja yangu, moja ya Suhaib. Presha inasemaje? Dawa unakunywa kabla ya chai, au mpaka Ami Haroun aje akukumbushe? Sisi huku twapumua, alhamdulillahi.

Huku joto limeaga na majani yameanza kugeuka rangi. Wenyeji wakati huu hupamba nyumba. Suhaib karudi skuli analia, rafiki yake mlangoni kwao pana shada la vijiti na majani, kwetu pana tundu la ufunguo tu. Basi leo nimemchukua mpaka kwenye lile bwawa nyuma ya majumba yetu, tumeokota mfuko mzima. Mekundu, manjano, mengine rangi ya mdalasini. Unayapanga ndani ya kitabu cha simu, unakalia juu. Yakinyooka unayatia kati ya karatasi mbili za kuokea, unapitisha pasi. Hayavunjiki tena. Tumeyatunga kwenye uzi, tumeutundika dirisha la ukumbini. Kutoka ghorofa ya tisa miti unaiona vichwa tu, lakini sasa tunayo na sisi.

Habari za Baba atakupa Ami Haroun.

Mjukuu wako,
Asmahan


Wete, Pemba
27 Septemba 2006

Mjukuu wangu Asmahan,

Marahaba, na marahaba ya Suhaib, japo najua hiyo shikamoo umemtungia wewe, yeye kwa Kiingereza kasema "hai" tu. Mie mzima. Presha imekaa kwangu kama mgeni asiyejua kuaga, lakini saumu nafunga, na Haroun akinikataza namwambia mwalimu mkuu hapa ni nani.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa miwani na mara moja bila, kujipima. Majani makavu! Miaka sitini nayafagia kila alfajiri, kumbe nilikuwa nafagia mapambo. Nimemwonesha Edah, yule nesi Mkenya anayekuja kunipima, kacheka mpaka mpira wa kipimo ukamtoka. "Bibi, tuyafunge kwenye gunia tuwauzie." Endelea kuniandikia hayo. Nimeishi na barua yako wiki nzima, naiona fleti yenu kama niko kitini.

Ila moja. Kila Ijumaa Haroun huniletea salamu za baba yako, na salamu zake kama uji wa mgonjwa, hazina chumvi. Mwanangu hajapata kunisalimu bila kunitania. Mwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake. Anitukane hii miwani. Mstari mmoja, simwombi zaidi.

Mimi Bibi yako,
Mwatima


Ladywood
8 Oktoba 2006

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Saumu njema, na Mungu akuzidishie nguvu ya kumshinda Ami. Edah mpe salamu, mwambie bei ya gunia tutaelewana.

Nyumba sasa ungeipotea. Majani yametoka dirishani yamefika mlango wa jikoni. Zile mbegu kubwa za kahawia zinazoanguka kwenye miti ya njiani, ngumu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, nimezitoboa kwa msumari nikatunga mapazia. Suhaib akipita zinalia ko ko ko. Jirani wetu wa mlango wa pili, Charanjit, kaleta maboga matatu. Kasema huku boga huchongwa macho na meno, likatiwa mshumaa. Mama kasema, "Boga langu halitonitazama." Moja kalipika kwa nazi tukafuturu, mawili yamekaa dirishani bila ya uso.

Mama hatoki. Ndiyo nikaona, kama yeye hendi nje, nje imfuate ndani. Nilimtungia na hereni za mbegu ndogo, akanishukuru, akaziweka mezani. Zake mwenyewe pia kazivua. Wanja hatii. Lakini siku ya boga alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa Agosti.

Umeulizia mstari wa Baba. Baba yupo Handsworth siku hizi, basi mbili kutoka kwetu. Huko hana simu. Hana tabu, Bibi, hilo usilihofu.

Kesho nitaanza ukuta wa chumbani.

Mjukuu wako,
Asmahan


Wete
20 Oktoba 2006

Asmahan,

Marahaba. Afya yangu usiiulize leo.

Hiyo Handsworth nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mjukuu wangu, mie nimekaa na mke mwenza miaka kumi na tisa. Mwanamme yupo basi mbili, simu hana, tabu hana. Mke kavua hereni, wanja hatii, nje hendi. Baba yako kaoa.

Na Haroun anajua! Nimemuuliza, kashikwa na kikohozi ambacho hakuwa nacho alipoingia. Nikamwambia, "Kohoa vizuri, lakini ukimaliza nijibu." Kaondoka bila ya futari.

Kuoa si dhambi. Lakini kuwatupa watoto mjini kwa watu, mwezi wa Ramadhani, na kumwachia mtoto wa miaka kumi na tano apambe nyumba ili mama yake acheke! Mimi sikuzaa mtu huyo. Sasa nafahamu kwa nini haniandikii. Ananijua.

Mwambie baba yako Makungu maneno haya kama yalivyo, usiyapunguze kwa haya zako. Mama yako, uliyemtesa siku mbili kabla hujatoka, amezuia radhi zake. Tangu siku uliyozaliwa hakuna swala niliyokuacha kwenye dua. Tangu jana nikifika kwenye jina lako naliruka. Nitaliruka mpaka urudi kwenye nyumba ile, ukae chini ya majani ya mwanao, uniandikie.

Bibi yako


Ladywood
Jumanne, 31 Oktoba 2006

Bibi,

Kaa kwanza. Kama Edah yupo, mwite akae nawe.

Baba hakuoa. Baba amekufa. Tarehe 29 Agosti, kazini, moyo. Kazikwa Ijumaa yake, makaburi ya Handsworth, upande wa Waislamu. Kaoshwa na rafiki zake wawili wa msikitini, Mama kasema kwa mikono mizuri. Mama yumo edani. Hereni, wanja, kutotoka, ndiyo hayo. Idd ilipita Jumanne iliyopita bila ya udi.

Barua yako imefika leo. Sikumwonesha Mama, wala Ami sikumuuliza. Nilivaa koti nikakaa kwenye ngazi za jengo, kwa sababu ndani siwezi kuandika haya, kila nikiinua macho naona kazi ya mikono yangu. Bibi, sikuipamba nyumba kwa ajili ya Suhaib, hata kwa Mama si sana. Niliipamba nipate cha kukuandikia. Nikifika kwenye jina la Baba nilikuwa naiacha kalamu nakwenda kutafuta majani mengine. Nilijiona hodari kwa kuwa sikuandika uwongo hata mmoja. Yupo Handsworth, kweli. Simu hana, kweli. Nimepanga kweli moja moja mpaka zikakufanya umkasirikie mtu ambaye hana mdomo wa kujitetea.

Ami alihofia utakufa. Mimi sasa nina hofu nyengine, kwamba Baba yuko kule bila radhi zako na aliyemkosesha ni mimi. Niadhibu vyovyote. Lakini nakuomba usiliruke jina lake. Hata leo, kabla hujaikunja barua hii.

Alikuwa akikutania miwani mpaka wiki ile ile. Alisema ukiivaa unafanana na rubani.

Asmahan


Wete
14 Novemba 2006

Mjukuu wangu,

Hukuniamkia, na ilikuwa ndiyo haki. Marahaba hata hivyo.

Presha haikuniua. Nilikaa kama ulivyosema. Edah alikuwepo, akasoma na yeye, halafu akanifungua vifungo vya shingoni, tukakaa hivyo mpaka adhana ya laasiri. Kisha nikamwita Haroun. Alipoiona bahasha mkononi mwangu hakukohoa. Kalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini, na mie nikambembeleza, halafu nikamfukuza, halafu nikatuma mtu amrejeshe. Miezi miwili na nusu ndugu yake amekufa na hakuwa na pahala pa kumlilia kwa sababu yangu. Siku hizi anakuja anakaa kizingitini kama mwanafunzi aliyechelewa. Bado nimemkasirikia. Chai nampa.

Hitma tumesoma Ijumaa. Watu walijaa mpaka barazani kwa jirani.

Mie nimekaa eda mara mbili, Asmahan. Nikaandikiwa eda ya mke wa mwanangu, moja moja, hereni, wanja, mlango, nikaona mke mwenza. Mpe mama yako pole yangu, na mwambie nimemdhulumu moyoni mwangu.

Wewe nimekusamehe. Kunaniuma vilevile. Yote mawili yamo ndani yangu, usidhani moja limelitoa jengine.

Ishirini na moja. Nimehesabu. Siku ishirini na moja nililiruka jina lake, naye yuko ndani ya mchanga ananihitaji. Sasa kila swala nalitaja, nalitaja tena, wala sijui kama ya nyuma yanalipika. Nenda kwake. Simwamini mtu mwengine kwa hili. Mwambie kwa mdomo wako kuwa radhi zangu zipo, zote, na kwamba nilikosea. Na nyumba yenu nimeiona chumba kwa chumba, kaburi la mwanangu sijaliona. Niandikie lilivyo.

Bibi yako,
Mwatima


Ladywood
Jumapili, 26 Novemba 2006

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakuombea uzima, na subira kwa Ami pale kizingitini. Mama kapokea pole yako, kaisoma kasimama, kasema, "Mama mkwe hajapata kuniomba msamaha miaka kumi na sita." Halafu kaingia chumbani kafunga mlango.

Nimekwenda leo na Suhaib. Basi ya kwanza, ya pili, halafu mguu. Makaburi ni mengi, Bibi, na nambari sikuwa nayo. Palikuwa na mzee anasukuma toroli la mchanga, na mimi nilizunguka nyuma yake labda robo saa kabla sijaweza kumuuliza. Katupeleka mpaka penyewe.

Lilivyo ni hivi. Jiwe halijawekwa. Pana kibao kidogo cha mbao, jina lake na nambari. Udongo ni mwekundu, mzito, umedidimia katikati na umeshika maji ya mvua. Nyasi hazijaota. Kushoto kwake pana mtu kazikwa mwezi huu, kulia pameshachimbwa, hapana mtu bado. Hapana mti karibu. Upepo unapita moja kwa moja.

Suhaib alikuja na mfuko wake wa majani, kumbe kayabandua ukutani bila kuniambia. Alishaanza kuyapanga pembeni pembeni. Nikamwambia ayaache. Kaniuliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza kauliza kwa Kiswahili. Nikamwambia Bibi kaomba kaburi lilivyo. Kayarejesha mfukoni, jani moja moja, kakaa akinitazama.

Nikasema salamu. Halafu nikayasema maneno yako, kwamba radhi zipo, zote, na kwamba ulikosea. Sauti yangu unaijua, ya chini, na gari zilikuwa zinapita. Sikuwa na hakika kama imefika. Nikapiga magoti kwenye matope, nikainama mpaka karibu kabisa na udongo, nikayasema tena.

Mjukuu wako,
Asmahan