Niliitikia Namba ya Rafiki Yangu Msituni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, maana kuna sauti moja haijanitoka masikioni wiki ya tatu sasa, na si ya radi wala ya nyani wala ya mvua iliyokuwa ikipiga majani juu ya vichwa vyetu, ni sauti yangu mwenyewe, niliyoibana puani ili ifanane na ya mtu mwingine, ikisema, "Kumi na nane!"

Niko kidato cha mwisho na ni kiranja wa taaluma. Mwalimu wetu wa jiografia, tuliyempachika jina la Dira kwa sababu haonekani bila dira shingoni, alitupeleka wanafunzi arobaini na sita kwenye msitu wa mvua kupima unene wa miti na kuchora tabaka za mimea, kazi ambayo kitabuni ni ukurasa mmoja na kule ni matope hadi magotini. Kwa kuwa chini ya miti ile kuna kiza na nyuso hazionekani vizuri, alimpa kila mmoja namba, na kila tulipohama tuliita namba zetu kwa zamu. Mimi ni kumi na saba. Kumi na nane ni rafiki yangu, tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Tulipokaribia lango la kutokea, Chiriku akakumbuka kwamba ameuacha utepe wa kupimia ukiwa umezungushwa kwenye shina la mti. "Niitikie, narudi sasa hivi," akaninong'oneza. "Dira atajua," nikamwambia. "Ajue nini? Darasani hujawahi kuniitikia?" Na ni kweli, mshauri, darasani kwetu kuitikiana ndiyo desturi, aliyechelewa anaitikiwa, mgonjwa wa uongo anaitikiwa, na asiyemwitikia mwenzake anaitwa msaliti, kwa hiyo nikaita kumi na saba, nikabana pua, nikaita kumi na nane, na nakiri kwamba nilijivuna kidogo jinsi nilivyomwigiza. Mara mvua ikamwagika, tukakimbilia mabasi mawili yaliyotungoja, nikapanda la kwanza nikiamini yeye yumo la pili.

Hakuwemo. Tuligundua kwenye kituo cha mafuta, tukiwa tumekwenda dakika arobaini. Mabasi yaligeuza. Askari wa msitu alimkuta jioni amejikunyata kati ya mizizi, sauti imemkauka kwa kuita, utepe ameukumbatia, na akalazwa siku sita kwa homa ya mapafu. Amepona. Lakini Dira amesimamishwa kazi, Ijumaa hii bodi ya shule itakaa kumjadili, na shtaka lake ni kwamba hakuhesabu wanafunzi. Yeye anaapa kwamba alihesabu na kila namba iliitikiwa, na watu wazima wenzake wanamtazama kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

Chiriku anasema nikifungua mdomo tumekwisha wote. Mama yangu ni mshonaji, nilimweleza akiwa anapinda sketi, akanijibu pini zikiwa mdomoni: "Funika kombe mwanaharamu apite. Mtihani ukishapita utasema." Nikamwambia, "Mama, mtihani ukishapita Mwalimu hatakuwa na kazi." Akasema, "Na wewe ukifukuzwa, utakuwa na nini?" Lakini kinachoninyima raha si adhabu, ni kwamba miaka yote hii nimejidhania kuwa mtu mwaminifu, na sasa naona huenda nilikuwa hodari tu wa kuonekana hivyo. Nifanye nini?

Kumi na Saba

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako ilinifikia Jumatatu na nikakujibu siku ileile kwa anwani uliyoniachia, kwa sababu Ijumaa haisubiri gazeti. Hapa naichapisha kwa idhini yako.

Kwanza, pole. Kwa umri wako kumkatalia rafiki ni kazi nzito kuliko kupima mti. Hukumtakia mtu mabaya, najua. Pole yangu imeishia hapo.

Sasa nisikilize. Umeniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Swali zuri, lakini si la wiki hii. Wiki hii kuna mwalimu anayeamka asubuhi bila pa kwenda, anajiuliza kama masikio yake yalimdanganya. Wewe unajua hayakumdanganya. Waliokuwa wamesimama karibu yako nao wanajua, wamenyamaza, na mnauita ukimya huo urafiki. Urafiki gani wa kumwacha mwenzenu msituni kwa heshima zote? Ungesema tu, "Mwalimu, tusubiri, Chiriku amefuata utepe," mngekemewa, mngepanda basi, na leo ungekuwa unadurusu badala ya kuniandikia.

Mama yako usimdharau. Anakulinda, ndiyo kazi ya mama. Ila kombe hili ukilifunika, ndani yake kuna mtu.

Fanya hivi. Chukua karatasi moja, isizidi. Andika "niliitikia." Usiandike "tulikosea," usiandike "ilitokea bahati mbaya." Usimtaje mwanafunzi mwingine yeyote isipokuwa Chiriku, naye umweleze kabla, si kumwomba ruhusa, ila asije akalisikia jambo lake kwa watu. Mama umweleze kwa adabu, lakini usimuulize. Weka jina lako kamili na sahihi, hayo ya Kumi na Saba uniachie mimi. Peleka mwenyewe, mkononi, kabla ya Ijumaa. Usimpe mtu akupelekee. Wakikusimamisha masomo, utasoma nyumbani kwenye meza ya cherehani. Haya, inuka.

ALIVYOTUANDIKIA TENA

Shangazi,

Jibu lako nililipata Jumatano asubuhi. Mchana nilimweleza Chiriku, akanuna, akaniita majina ya wanyama wote tuliowaona msituni na wengine ambao hatukuwaona, kisha akauliza kama naweza kuandika kwamba utepe ulikuwa wa shule na alirudi kuuokoa. Nimeandika, kwa kuwa ni kweli. Mama nilimweleza jioni. Alizima cherehani, akanipigia pasi sare.

Leo Alhamisi, saa tatu, nimeipeleka barua kwa mkuu wa shule. Ameisoma mara mbili, akavua miwani.

"Wewe ndiye mwanafunzi wangu bora," akasema. "Hapa ulipoandika 'niliitikia,' andika 'nilidhani yupo.' Bodi itaelewa, Mwalimu atapunguziwa adhabu, nawe utabaki shuleni." Akanisogezea karatasi mpya na kalamu.

Nilimwelewa, Shangazi, na kwa dakika moja hivi nilimpenda kwa hilo. Kisha nikasema, "Samahani, Mama Mkuu, sikudhani. Niliitikia." Nikamrudishia karatasi yake tupu, nikamwomba agonge muhuri wa kupokelewa kwenye barua yangu na kwenye nakala niliyokuja nayo.

Alivaa tena miwani. Kisha akafungua droo, akagonga zote mbili, akaniambia niende nyumbani nikasubiri barua ya kusimamishwa.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kwa Mwalimu kwanza, na nakala yenye muhuri nimemwachia mkononi.