Mwanangu Bado Anasomea Udaktari, Nami Nimeshamwekea Foleni

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni seremala, nimefiwa na mke mwaka wa tatu sasa, na nina mtoto mmoja wa kiume ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye digrii yake safi, akafundisha miaka sita, kisha mwaka huu akaacha kazi akarudi chuo kusomea udaktari, wakamweka kwenye darasa la wenye digrii tayari, wale wanaosoma miaka minne, na mimi kwa furaha nikatangaza mtaani wiki ile ile ya kwanza, hata koti jeupe hajanunua.

Basi watu wakaanza kuja Jumamosi anaponitembelea, mmoja, watatu, mwishowe nikaona aibu wazee wasimame nikatengeneza benchi, na kwa kuwa waligombania nafasi nikakata vibao vya namba, na mwezi uliopita mwanangu alikuta watu kumi na mmoja, fundi viatu ana kibao namba moja na suruali ameshaikunja. Mwanangu akamshika goti akamtajia mifupa yote kwa majina. Fundi akasema, “Asante, daktari. Sasa dawa?” Akajibiwa, “Dawa tunasoma mwakani.” Fundi akanigeukia mimi, akauliza kama arudishe kibao au akitunze mpaka mwakani.

Tulipobaki wawili mwanangu akasema, “Baba, waambie watu wako wasinisubiri. Nikimaliza nataka patholojia.” Nikauliza hiyo ni wodi gani.

“Si wodi. Naletewa kinyama kidogo kilichokatwa kwa mgonjwa, nakitazama kwa hadubini, naandika ni ugonjwa gani.”

“Na mgonjwa mwenyewe?”

“Yuko kwa daktari wake.”

Nikamwambia kuna upasuaji, kuna watoto, kuna macho, kuna mifupa ambayo tayari anaijua, iweje kati ya kazi zote za udaktari achague ya kujifungia na vipande, nikasema mama yake angekuwepo angemkanya, na hapo akabeba begi akaondoka, Jumamosi mbili hajaja, anasema ana mtihani.

Mama yake, Mungu amrehemu, alipenda utani, hata walipomkata kinyama cha kupima alisema wamemwibia kitoweo, tukasubiri majibu wiki saba, yakaja tumeshazika, na bahasha ninayo kwenye sanduku la misumari, sijaifungua. Sasa nifanyeje abadili mawazo, na watu wa benchi niwaambie nini?

Seremala

*

Mzee wangu, pole kwa msiba. Naanza na hilo kwa sababu sasa nitakugombeza.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza umemfungulia hospitali barazani bila kumuuliza. Akimpa mtu ushauri mbaya, atakayefukuzwa chuo ni yeye, wewe utabaki na vibao vyako. Pita nyumba kwa nyumba uvikusanye, ukiri kwamba ulitangaza mapema. Fundi viatu aende zahanati, goti lake halisubiri mtaala.

Kuhusu patholojia, jibu umeliandika kwa mkono wako ukalipita. Wiki saba, mzee. Daktari wa wodini alikuwepo, wauguzi walikuwepo, wote wanamngoja mtu wa kutazama kile kinyama. Mwanao naye alikuwa akingoja, halafu akaacha chaki. Wewe ulidhani amefuata koti. Sisemi majibu ya mapema yangemponya mkeo, hilo silijui, wala usijihukumu kwalo. Lakini kumwambia mama yake angemkanya, hapo ulimchoma.

Usimtafutie kazi nyingine. Bahasha usiifungue peke yako, mwambie tu kwamba ipo, aamue yeye lini.

Na Jumamosi usimsubiri. Nenda wewe kwake, bila mgonjwa hata mmoja nyuma yako. Akisema ana mtihani, mwache asome. Ila omba radhi pale pale mlangoni, kabla hujakaa. Nakujua, ukikaa kwanza utaanza kumsifia meza yake.