Kidole Kimeota

Mama mkwe, shikamoo.

Kidole cha mjukuu wako kimeota! Ncha yote iliyokatika, na ukucha juu yake. Daktari alikataa kushona. Alisema kwa mtoto mdogo, shina la ukucha likisalimika, nyama hujijenga upya. Tufunike tu, tusichungulie. Bandeji ilinuka hadi mwanao akahamia sebuleni. Mimi nilichungulia, ningeachaje? Palikuwa na kitu chekundu kama chipukizi. Nani alikiambia kiishie wapi?

Unasema huji kwa sababu ya mafua. Mama, mafua gani hayo yasiyoisha? Mtoto hakumbuki kwamba ulimbana kidole kwa mlango. Anakumbuka tu Bibi aliingia chumbani akafunga mlango. Kila asubuhi anaugonga kwa kidole hichohicho: "Bibi, toka basi."

Mkweo mchunguliaji