Mjomba Asiguse Hapa

Ester mpwa wangu,

Ni mimi mjomba wako, fundi wa mafundi, niliyefufua televisheni ya mchungaji kwa spoku ya baiskeli. Cheka tu. Wewe ndiye pekee nisiyeweza kumdanganya tena.

Unakumbuka kule mjini, kwako Area D, uliponiketisha mbele ya kompyuta? "Mjomba, sikiliza vizuri. Mistari hii yenye nyota ni maelezo, inaeleza kazi ya kila kipande cha programu. Mashine inairuka. Ila penye alama ya @, hapo inasoma na kutii." Nikasema nimeelewa. Nilishika nusu ya kwanza, nikarudi nayo nyumbani Mpwapwa kifua mbele.

Tulipokuzika, wafugaji wakanikabidhi programu yako ya kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha siku za kuchanja mifugo. Wangempa nani mwingine? Nilishawaambia ni mimi niliyekufundisha. Siku moja wakaja wageni, nikaifungua niwaonyeshe. Mmoja akasoma maelezo kwa sauti: "Mjomba asiguse hapa. Anajua kusema tu."

Ester! Mbele ya watu! Walicheka hadi wakashika mbavu.

Walipoondoka nikafuta nyota zote, maelezo yote, pamoja na ule mstari wa chini, "@tuma Jumatatu". Programu haikulalamika. Ilinyamaza tu. Na wafugaji wakakaa bila kuchanja, wanasubiri ujumbe, kama ulivyowazoesha.

Chambavu ikaingia, ule ugonjwa wa ng'ombe unaozuiwa kwa chanjo. Ndama wanne wa mama yako walianza kuchechemea, wakafa wote. Wa mwisho alikata roho kichwa kikiwa mapajani mwa mama yako.

Kwenye mkutano wakauliza kosa ni la nani. Nikasimama mimi. "Marehemu aliijenga vibaya. Ndio wasomi wetu hao!" Wakaguna kukubali. Mama yako akainamisha uso. Alipofika nyumbani akaishusha picha yako ukutani, akaisukuma uvunguni. Juzi alimwambia jirani, "Bora alikufa kabla hajatuharibia mengine." Nilikuwepo, Ester. Nilikuwa nakunywa chai yake. Nikaomba sukari.

Pumzika, mpwa wangu. Nakuahidi, Jumapili baada ya matangazo nitasimama kanisani niseme ni mimi. Lakini najijua, nikifungua mdomo nitatia chumvi, na kosa litageuka la mtu mwingine. Kwa hiyo barua hii namkabidhi mama yako leo, aisome yeye kwanza, nikiwa nimesimama palepale mlangoni.

Mjomba wako.